Dirisha Lililokula Chaga za Mama Jirani

Siku tulipolitoa dirisha tulikuwapo watu saba. Nilikuwapo mimi, nikiwa na miaka kumi na sita. Walikuwapo wadogo zangu mapacha, Kulwa na Doto, na mdogo wao Shija, ambaye kwa desturi ya kwetu Usukumani alipata jina hilo kwa sababu tu alizaliwa baada ya mapacha. Alikuwapo mama jirani. Alikuwapo fundi wa vioo kutoka Katoro. Na kabla jua halijafika utosini akawapo baba mkubwa, ambaye hatukumtarajia siku hiyo, na ambaye ndiye mtu pekee niliyekuwa namwogopa duniani.

Niliwahesabu hivyo wiki mbili zilizopita nikiwa nimesimama palepale Segese, kwenye kiwanja chetu. Kulwa alikuwa amenipigia simu mgahawani kwangu Katoro, akasema wanunuzi wa chuma chakavu wamefika tena kuliulizia lile gari, na safari hii yeye anaona tuliache liende. Mbavu zake zimeliwa na kutu, kuku wanataga ndani. Nikafunga mgahawa siku moja, jambo ambalo huwa silifanyi, nikaenda kuagana na nyumba iliyotulea.

Maana ilikuwa nyumba, ndugu yangu, ingawa ilikuwa na magurudumu. Watu wa utafiti wa madini waliingia nalo zamani, kabla sijaanza shule: gari refu la bati jeupe, lenye kitanda, meza ya kukunja, kabati na madirisha ya vioo. Walilala humo huku wakitoboa toboa mashamba ya watu. Injini ilipokufa, nao muda wao ulipokwisha, walimwachia baba, aliyekuwa mlinzi wao. Baba akaliinua juu ya mawe, akaiuza injini kwa vipande, akatuhamishia humo. Watu wote wa Segese waliliita gari-nyumba. Mtu akipotea njia aliambiwa, "Ukilifikia gari-nyumba, kata kushoto."

Nikifumba macho naisikia mvua yake. Mvua juu ya bati la gari haifanani na mvua juu ya bati la nyumba. Ile ya gari inakupigia karibu na sikio, kama mtu anachambua maharage kwenye sinia juu ya kichwa chako. Nasikia pia harufu ya michembe ikichemka na karanga, viazi vile vikavu ambavyo mama alivikata na kuvianika juu ya paa la gari kila kiangazi, kwa sababu juu kule mbuzi hawafiki. Tulikula michembe asubuhi, na mara nyingi jioni tukaikuta tena, na sikumbuki kama niliwahi kuichoka. Labda niliichoka. Utamu huja ukishakuwa mbali.

Baba alitangulia kufa, mama akamfuata kabla ya mwaka kupita. Nilikuwa darasa la sita, nimechelewa kuanza kwa sababu ya kulea mapacha. Matanga ya mama yalipokwisha, ukoo ulikaa chini kutugawa. Sisemi kwa ubaya. Ndivyo inavyofanyika, na ni kwa huruma. Baba mkubwa alitoka Kharumwa kuja kusimamia kikao, akasema Kulwa ataenda kwake kwenye ng'ombe, Doto aende kwa shangazi Ushirombo, Shija apelekwe kwa wajomba, na mimi nitafutiwe mahali pa kufanya kazi za ndani mpaka nipate mchumba. Aliyasema kwa upole, akihesabu kwenye vidole.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisimama mbele ya wazee, nikasema tutakaa wote wanne, nitaacha shule, nitakaanga mihogo, nitawalea.

"Mtakaa wapi?" akauliza baba mkubwa.

"Hapahapa, baba. Kwenye gari."

"Gari linavuja. Nimelala humo siku tatu, nimeliona. Dirisha la ubavuni linamwaga maji kitandani, na huyo mtoto anakohoa." Akamtazama Shija aliyekuwa amelala mapajani pangu. Kisha akasema maneno ambayo nililala nayo msimu mzima: "Nakupa mpaka palizi ya kwanza iishe. Nikirudi nikakuta kitanda kikavu, mtakaa. Nikikuta kimelowa, nawachukua siku hiyohiyo."

Basi unaona lilikuwa jambo gani. Halikuwa dirisha tu.

Wa kwanza kunisaidia alikuwa mama jirani. Alikuwa mjane, nyumba yake ya tofali mbichi ikitazamana na gari letu, na hakuwapo mwanamke Segese nzima aliyejua kusiliba nyumba kumshinda. Alichanganya udongo wa kichuguu, samadi ya ng'ombe na majivu, akaukanda kwa miguu mpaka ukawa kama uji mzito, kisha akaupaka ukutani kwa kiganja, na ukuta wake hata mvua ya mawe haukuijali. Nilipomwambia habari ya dirisha, alicheka.

"Hilo tu, ng'wanone, mwanangu? Leta ndoo."

Tukasiliba. Kutoka ndani tuliziba kingo zote za dirisha, yeye juu, mimi chini, Doto akitupokeza udongo. Tulipomaliza akaona vitundu viwili vidogo chini ya fremu, upande wa nje, akavijaza navyo kwa kidole. "Mchwa wasiingie," akasema. Tulisimama tukaitazama kazi yetu kwa fahari, dirisha la wazungu limevaa koti la Kisukuma.

Mvua ya kwanza ilikuja, ndani hakikuingia kitu. Ya pili pia. Nilianza kumdharau baba mkubwa kimoyomoyo. Wiki ya tatu nikaona ukuta wa mbao nyembamba chini ya dirisha umevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Nikaubonyeza kwa kidole, kidole kikazama, na maji ya rangi ya chai yakaanza kutiririka juu ya godoro la Shija. Yalikuwa mengi kuliko ya mwanzo. Nilikaa sakafuni nikalia, kisha nikaamka kwenda kumenya mihogo, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya mnada.

Pale mnadani ndipo nilipompata fundi. Alikuwa Mgogo aliyehamia Katoro, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kila mnada alikuja Segese kubadilisha vioo vya malori vilivyopasuliwa na kokoto. Alipenda mihogo yangu kwa sababu ya pilipili. Siku ile alikula kipande kimoja akaacha kutafuna.

"Binti, leo umeitia chumvi au machozi?"

Nikamweleza. Aliuliza swali moja tu: "Hilo dirisha mliwahi kulitoa?" Nikashangaa. Kulitoa? Sisi tunataka lizibe, tulitoe kwa nini? Akafuta mafuta mdomoni. "Jumamosi nitakuja na gundi yangu. Wewe nikaangie hii mihogo, ila iwe ya kunishibisha."

Jumamosi alifika asubuhi na sanduku lake la vifaa. Alizunguka gari mara moja, akaingia ndani, akagonga ukuta kwa fundo la kidole akisikiliza. Kisha akaona usilibaji, akavua miwani.

"Nani alifanya hivi?"

Mama jirani, aliyekuwa amekuja kutazama, akajibu kwa majivuno kidogo, "Mimi, mtani."

"Nilijua tu. Ninyi Wasukuma mkipewa hata ndege mtaisiliba."

"Na wewe Mgogo ukipewa ndege utauliza inakamuliwa wapi."

Walicheka hadi Shija naye akacheka bila kujua kinachochekesha. Kisha fundi akawa mpole. Alieleza kwamba maji yalikuwa yanaingilia nje, nyuma ya fremu, mahali ambapo gundi ya zamani imekauka na kupasuka. Sisi tuliziba ndani, ambako maji yalikuwa yanatokea. "Mmeyafungia maji ndani ya ukuta kama kuku bandani. Na hivi vitundu viwili vya chini ndivyo vilikuwa mlango wao. Navyo mkaviziba." Sikumtazama mama jirani. Nilisikia tu kwamba ameacha kucheka.

Basi tukaanza. Fundi alifungua skrubu moja baada ya nyingine kuizunguka fremu, akampa Doto azipange kwenye sinia kwa utaratibu wa zilivyotoka. Alipitisha kisu chembamba kati ya fremu na bati, polepole, kama mtu anayechuna ngozi asiitoboe. Kisha akaingia ndani akasukuma kwa viganja viwili, sisi nje tukapokea, na dirisha zima likatoka. Likabaki tundu kubwa kama mlango wa zizi. Tuliweza kuona kitanda, sufuria, picha ya mama. Mbao za kuzunguka tundu lile, upande wa chini na ubavuni, zilikuwa zimeoza. Fundi alizishika, zikamegeka mkononi mwake kama ugali wa jana.

Ni wakati huohuo lori la mpunga liliposimama barabarani na baba mkubwa akashuka.

Palizi ilikuwa bado haijaisha. Baadaye alisema alikuwa amepata lifti. Alikuwa na fimbo yake, na begi tupu la turubai. Nililielewa lile begi kabla hajafungua mdomo. Lilikuwa la nguo za watoto.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba." Akalitazama tundu. Akatazama dirisha lililolala juu ya mkeka. Akatazama wingu lililokuwa linajikusanya upande wa Geita. "Nilikuambia uzibe. Wewe umetoboa!"

Kulwa alikuja akasimama nyuma yangu, akashika gauni langu. Alikuwa mkubwa kwa jambo hilo, miaka kumi na moja, lakini alilishika.

Fundi hakuacha kukwangua gundi ya zamani. "Mzee, shikamoo. Jino bovu huwezi kulipaka rangi. Nipe mpaka mvua ifike."

"Mvua inafika saa tisa."

"Basi nipe mpaka saa tisa."

Baba mkubwa akavuta kigoda, akakaa, akaliweka begi magotini.

Shida ikawa mbao. Fundi alihitaji mbao kavu, ngumu, za kuziba palipooza, na masika yale hapakuwa na ubao mkavu Segese nzima. Hata kuni tulikuwa tunazipuliza mpaka macho yanavimba. Kulwa alileta ubao wa sanduku la sabuni, fundi akaukunja kwa vidole viwili ukavunjika. Akakuna kichwa. Nilimwona baba mkubwa akilishika begi vizuri zaidi.

Mama jirani aliondoka bila kuaga. Nilidhani ameshindwa kuvumilia aibu. Akarudi na mbao mbili za mninga, nyembamba, ndefu, nyekundu kwa uzee, kavu kama mfupa. Akazitupa miguuni kwa fundi.

"Zilikuwa zimekaa tu," akasema.

Fundi alizigonga moja kwa nyingine, zikalia. Akamtazama mama jirani kwa muda mrefu kidogo. Akachukua msumeno.

Saa zile zilizofuata ndizo ninazozipenda zaidi katika maisha yangu yote, na hapakuwa na jambo kubwa. Doto alishika jiko la mkaa karibu na tundu ili mbao zilizobaki zikauke, akiligeuza huku na huku. Mimi nilifuta fremu kwa kitambaa chenye petroli mpaka bati likang'aa. Kulwa alizibua vile vitundu viwili kwa njiti ya mwavuli. Shija alikuwa na kazi ya kumwambia fundi wingu limefika wapi. "Limefika kwenye mti!" "Limeupita mti!" Na mama jirani akakaanga mihogo yangu, akaikosesha chumvi, fundi akala yote.

Kisha gundi. Ilikuwa nyeusi, ya vioo vya malori, na fundi aliipitisha kwenye fremu nzima kwa mstari mmoja bila kuinua mkono. Tukalirudisha dirisha mahali pake. Akakaza skrubu kwa kuvuka, moja huku, ya pili upande wa pili, kama anavyokaza tairi, na gundi ikatoka pembeni kama uji unaotaka kufurika. Akanionyesha kwa kidole. "Itazame ikitoka. Pale isipotoka, ujue pana njaa." Tuliizunguka yote, tukakuta kona moja yenye njaa, akailisha.

"Sasa mwagieni maji," akasema ilipokuwa imeshika ngozi. "Anzeni chini, mpande taratibu. Mkianza juu hamtajua yameingilia wapi."

Lakini baba mkubwa alisimama. Aliingia ndani ya gari, akakaa kitandani, mgongo ukutani, chini kabisa ya dirisha. Akatoa karatasi yake ya ugoro, akaifungua, akaiweka juu ya kizingiti cha dirisha, wazi.

"Huu ugoro nimeutoa mbali," akasema. "Ukilowa, tunaondoka wote. Mwageni."

Tulimwaga ndoo tano. Nilianza chini kama nilivyoambiwa, nikapanda, nikafika juu. Ndoo ya sita hatukuimaliza, kwa sababu mvua yenyewe ilifika, ile ya upepo, inayokuja kwa ubavu. Tulikimbilia ndani wote, tukawa saba pamoja na baba mkubwa. Tulisimama tumebanana, tumelowa, tukiukodolea macho ugoro kama watu wanaomtazama mgonjwa. Nje, kwenye vile vitundu viwili vya chini, maji yalikuwa yanatoka kwa utaratibu, tone na tone, yanakwenda zake. Shija aliweka shavu lake kwenye kizingiti.

"Pakavu," akasema.

Baba mkubwa alipitisha kiganja chake ukutani, juu hadi chini. Akachota ugoro kwa vidole viwili, akauvuta, akapiga chafya kubwa hata sufuria zikatikisika.

"Mkavu gete, mkavu kweli," akasema. "Haya. Kaeni."

Ni hilo tu. Mvua ilipokatika alilikunja begi lake tupu, akaliweka kwapani, akaondoka. Msimu wa mavuno lilirudi na dereva wa lori, limejaa mchele, na likaendelea kurudi hivyo kila mwaka mpaka Shija alipomaliza shule. Sikuwahi tena kumwogopa mzee yule. Nilimzika nikilia kama nilivyomlilia baba.

Ilipita kama miezi miwili ndipo nilipojua. Mama jirani alishikwa na homa, nikampelekea uji, na kwa mara ya kwanza nikaingia chumbani kwake. Kitanda chake kilikuwa na shimo katikati. Chaga mbili hazikuwapo. Mahali pake alikuwa amefunga vipande vya mpira wa baiskeli na kujaza gunia la majani ya mpunga. Nilisimama na bakuli mkononi. Mninga ule mwekundu ulikuwa umebaki pande zote mbili za shimo, wa rangi ileile.

"Usiangalie hivyo, uji unapoa," akasema. "Mimi ndiye niliyewaozeshea ukuta."

"Mayu, mama yangu, nitakulipa."

"Utanirudishia zilezile. Nimezizoea. Siku mkihama."

Nilinunua mbao mara mbili, na mara mbili nikaziuza, zikageuka kitu kingine: kwanza viatu vya Doto vya shule, kisha dawa. Nilipofungua mgahawa nikamtumia kitanda kizima, kipya, kimepigwa vanishi. Alinishukuru sana, wabeja, wabeja, akampa mjukuu aliyekuwa anaolewa. Yeye akaendelea na chake, na majani yake ya mpunga. Alipohamia Kharumwa kwa binti yake alikibeba hivyohivyo.

Sasa nimekupeleka kote huko ili ujue kwa nini, kabla wanunuzi hawajaleta mashine ya kukatia chuma, niliomba bisibisi.

Tulilitoa sisi wenyewe. Kulwa, ambaye sasa ana ndevu na watoto watatu, alipitisha kisu. Doto alizipanga skrubu kwenye sinia, ingawa hazitarudi popote, na Shija, aliyesafiri usiku kucha kutoka kazini kwake, alitaka tena kutuambia wingu limefika wapi, na hapakuwa na wingu. Gari lote lilikuwa bovu. Sakafu ilizama, paa lilikuwa na matundu, lakini dirisha lile tulilisukuma watu wawili likakataa. Lilipokubali, nyuma ya fremu tukakuta vipande vitatu vya mninga, vyekundu, vikavu kama siku ile.

Mti tuliokuwa tunauita "mti" haupo tena. Mahali pa mnada pameezekwa. Malori yanapita usiku na mchana, na watoto wa sasa wa Segese wakikuelekeza njia hawasemi tena ukate kushoto penye gari-nyumba. Hawajui lilikuwa nini. Fundi alirudi kwao, nami sikupata kujua kama yu hai. Nilitaka kuhuzunika pale, na nikahuzunika kidogo, lakini tulikuwa wanne, tumekaa kwenye ngazi ya gari, tunakula mihogo ya kukaanga kutoka kwenye karatasi moja. Huzuni haikupata pa kuingilia.

Vile vipande viko hapa mgahawani, nimevifunga kwenye kanga, chini ya meza ya fedha. Jana nilimpigia mama jirani simu. Siku hizi hasikii vizuri, ikabidi nipige kelele mpaka wateja wakageuka. Nikamwambia tumehama, chaga zake ninazo, hazikuoza hata chembe.

Akauliza, "Zina urefu gani?"

Nikavitazama. Fundi alizikata ziingie kwenye dirisha, kimoja kimezidi mkono kidogo, viwili ni nusu yake. Hakuna kinachoweza kuvuka kitanda tena.

"Ni vifupi, mayu," nikasema.

Nikamsikia akicheka kule Kharumwa, kile kicheko chake cha siku ya kusiliba, hadi akakohoa.

"Basi hujanilipa bado, ng'wanone," akasema. "Mimi nilitoa ndefu."